Zamu ya Hamira Golini

Watu wengi hapa mjini husema klabu yetu ilianzishwa na tajiri wa kiwanda cha mikate. Picha yake imetundikwa ofisini kwetu, amevaa suti, ameushika mpira kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie kidogo. Picha ni nzuri. Lakini yule bwana hakuwahi kugusa mpira mpaka siku mpiga picha alipomtilia mikononi. Klabu ilianzishwa na masimango ya wachinjaji, na ilikuwa karibu ife kwa ajili ya shemeji yangu. Nilikuwepo, nilicheza beki wa kushoto, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Machinjio yalikuwa mtaa wa pili kutoka kiwandani kwetu. Wachinjaji walikuja kila asubuhi kwenye dirisha letu la nyuma kununua mikate ya moto, na kila asubuhi walikuja na maneno. Msemaji wao alikuwa jitu moja la mabega mapana waliloliita Fupa. Huyu angeupokea mkate wake, auminye kwa kidole gumba, kisha atutazame mikono.

"Hii nayo ni kazi ya mwanamume?" angesema. "Kutwa mnakanda vitu laini. Hata mikono yenu mtu akiishika anaona ameshika donge."

"Donge likishaiva huwa linavunja meno," alimjibu Mlingoti siku moja. Mlingoti alikuwa mchekechaji wetu wa unga, mrefu kiasi kwamba alikuwa akifika kichwa kwanza, miguu baadaye.

"Basi njooni uwanjani mwive tuone."

Uwanja hatukuwa nao. Tulikuwa na kiwanja nyuma ya jengo tulipokuwa tukimwaga majivu ya tanuri miaka na miaka. Tukayasawazisha kwa mabeleshi, tukasimamisha milingoti ya goli kwa magogo ya kuni, na dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, akatushonea jezi kwa mifuko ya unga. Alizifua mara nyingi lakini maandishi ya kinu hayakutoka, hivyo kila mmoja wetu mgongoni alisomeka kilo hamsini. Aliyeanguka kwenye ule uwanja aliinuka kijivu kama mzimu. Mechi ya kwanza wachinjaji walitufunga mabao mpaka watazamaji wao wenyewe wakatuonea huruma. Fupa alinipita, akageuka, akaniambia, "Kilo hamsini, mbona unapeperuka?"

Shida yetu kubwa ilikuwa golini. Hakuna aliyetaka kukaa. Ukiwa kipa unasimama peke yako, unapigwa mpira wa tumbo, na ukifungwa lawama zote ni zako. Siku tatu tulibishana juu ya jambo hilo huku tunakanda unga, mpaka Fundi akachoka.

Fundi ndiye aliyekuwa msimamizi wa tanuri, na ndiye mwanzilishi wa kweli wa klabu, ingawa picha yake haipo ofisini. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu kwa hiyo hakucheza, alituongoza tu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofi moja la mezani.

"Golini ni mdomo wa tanuri," alisema, akapiga kofi. "Basi. Tutakwenda kwa zamu."

Sote tukaelewa palepale. Katika kiwanda kile kila mtu alikuwa na kazi yake: mwingine kuchekecha, mwingine kukanda, mwingine kupanga. Lakini kusimama mdomoni mwa tanuri, kuchomoa mikate kwa beleshi la mbao lenye mpini mrefu, hiyo haikuwa kazi ya mtu. Joto la pale linakukausha macho. Kwa hiyo kulikuwa na saa ya mezani yenye kengele kichwani. Ikilia, aliyepo mdomoni anavua glavu za gunia, anampa anayefuata, anaondoka. Haijalishi wewe ni hodari au mvivu, harusi yako ni kesho au umeamka na mafua. Wakati wote niliofanya kazi pale sijaona mtu aliyerukwa wala aliyejificha. Watu walikuwa wakigombana kwa mengine yote, kwa hilo hapana.

Basi tukaihamishia saa ile uwanjani. Fundi aliiweka juu ya kigoda kando ya mstari, na ikilia, kipa anavua koti la gunia na glavu, anampa anayefuata, anakwenda kushika nafasi ya huyo mwenzake. Refa wa hapa mjini, karani wa idara ya maji, mara ya kwanza alisimamisha mchezo akauliza, "Jamani, kipa wenu ni nani hasa?"

"Sote," Fundi alimjibu.

Refa akaenda kando na kitabu chake cha sheria, akapekua, akarudi. Alisema hakuna kinachokataza mradi yeye aambiwe kwanza na mpira uwe umesimama. Alisema pia kwamba hajawahi kuona upuuzi kama huo. Watu wakacheka wilaya nzima. Sisi tukaona ni haki, na haki haina haja ya kupendeza.

Sasa nije kwa shemeji yangu.

Tulimwita Hamira, kwa sababu alikuwa mpole, mzito kukasirika, lakini akishaumuka humrudishi chini. Alikuwa amemwoa dada yangu mkubwa, yule wa cherehani. Kazi yake kiwandani ilikuwa kupokea. Wa mdomoni akichomoa mkate anautupa kwa beleshi, na Hamira anaudaka. Mkate unatoka motoni, haushikiki hata kwa glavu, kwa hiyo palepale anaurusha kushoto kwake, kwenye kichanja cha mbao, bila kutazama, kwa sababu macho yake yako kwa mkate unaofuata. Daka, rusha kushoto. Alifanya hivyo tangu kabla hajaoa. Mkate hata mmoja haukuwahi kuanguka, na hata mmoja haukuwahi kupasuka ganda. Ulikuwa unatua kichanjani taratibu kama umewekwa na mama mzazi.

Uwanjani alicheza beki wa kulia, taratibu. Zamu yake ya kwanza golini ilipofika, tulikuwa tunacheza na vijana wa ghala la mbao. Walipiga shuti kali la kona ya juu. Hamira akaruka, akaudaka safi kabisa. Tukaanza kushangilia. Kabla hatujafungua midomo vizuri, alikuwa ameshaurusha kushoto, bila kutazama. Kushoto hapakuwa na kichanja. Palikuwa na mshambuliaji wa ghala la mbao, ambaye alishangaa kidogo, kisha akafunga.

"Bahati mbaya," tulisema.

Shuti la pili, akadaka tena, akarusha tena kushoto. Bao. La tatu alilidaka akiwa amegeuka nusu baada ya kurukia nguzo, na kushoto kwake safari hiyo kulikuwa ndani ya goli letu wenyewe. Refa alitangaza bao kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Ushike," Fundi alimwambia baadaye. "Ukiudaka, ushike tu. Unaunguza?"

"Hauunguzi," Hamira alisema, akajitazama mikono. "Akili inajua hauunguzi. Mikono haijaambiwa."

Tangu siku ile, zamu yake ilipokaribia kulitokea mambo. Mara saa ilisahauliwa kutiwa ufunguo. Mara alitumwa akalete maji. Mara aliambiwa goti lake linaonekana limevimba, akalitazama, akasema halijavimba, akaambiwa litavimba. Mlingoti alikuwa kipa mzuri, mikono yake inafika nguzo hadi nguzo, na kila zamu ya Hamira iliporukwa, Mlingoti ndiye aliyebaki golini. Tukaanza kushinda. Hakuna aliyesema kitu, na ndiyo dalili ya jambo baya, kila mtu kulijua na wote kunyamaza.

Ushindi ule ukatufikisha mahali. Chama cha mpira cha wilaya kilikuwa kinaanzisha ligi, na mji wetu ulipewa nafasi moja. Timu zilizoomba zilikuwa mbili, sisi na wachinjaji. Tukaambiwa tucheze, mshindi aingie, anayeshindwa angoje mwaka mwingine. Fundi aliposikia aliacha kula vizuri.

Wiki ile nilikwenda kwa dada mchana mmoja kuchukua bukta yangu aliyoishona kiraka. Walikaa chumba kimoja kikubwa kilichokatwa katikati kwa pazia, cherehani upande wa mlango, kitanda ndani. Nilimkuta dada anaosha vyombo kwenye beseni, na mumewe ameketi karibu naye kwenye kigoda anapokea na kufuta. Dada alimpa kikombe. Hamira akakidaka, akakipitisha kwenye kitambaa, akakirusha kushoto. Kikombe kikatua kwenye blanketi lililokunjwa juu ya sanduku.

"Miaka miwili ya kwanza tulivunja vikombe vyote vya harusi," dada aliniambia. "Sasa naweka blanketi. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, dada."

"Hamjambo wapi, na mume wangu mnamfanya mjinga?"

"Mama nanihii," Hamira alimwambia mkewe, "mwache kijana achukue bukta yake."

"Simwachi. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, amenikojolea, nina haki naye. Wewe mwambie ulichoniambia mimi, au nimwambie mimi na niongeze na yangu."

Hamira alifuta sahani kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema, "mimi najua nafungisha. Sina macho? Lakini sikuomba kuwa kipa mzuri. Nasema zamu. Nikisimama mdomoni mwa tanuri mbona hakuna anayeniambia goti langu limevimba?"

Nikaikunja bukta yangu mara mbili.

"Kwa hiyo mwambie Fundi. Mechi hii zamu yangu isiporukwa, sawa. Ikirukwa, na zamu yangu ya moto irukwe. Sitakwenda mdomoni tena. Nitapokea mikate yangu, nitarudi nyumbani."

Alisema polepole, bila ghadhabu, akarusha sahani kushoto. Nikajua ameshaumuka.

Fundi nilimpa habari kesho yake, tukiwa tunapakua magunia. Alikaa juu ya gunia.

"Huyu asipokwenda mdomoni, na mwingine kesho ataamka na mgongo wake," alisema. "Keshokutwa wote tutakuwa na migongo. Moto nitaushika na nani?"

"Basi mpe zamu yake."

"Nimpe, halafu Fupa atuingize kwenye kikapu chake pamoja na matumbo. Wewe unaitaka ligi huitaki?"

"Naitaka."

"Basi usinipe ushauri wa bure. Nenda kakande."

Siku ya mechi mji mzima ulikuja. Wachinjaji walivaa jezi nyekundu za dukani, na sisi mifuko yetu. Tajiri alikuja na kiti chake mwenyewe. Fundi akaweka kigoda, akaweka saa, na kabla hajainuka vizuri dada yangu alikuwa ameshaichukua saa na kuipakata.

"Mama, hiyo ni saa ya kiwanda," Fundi alimwambia.

"Najua. Mimi nitaishika. Huwa nasikia inasahau kulia. Leo itakumbuka."

"Hujui kuitia ufunguo."

"Fundi, mimi nimeishi na cherehani miaka yote hii. Unadhani ufunguo wa saa utanishinda?" Akautia ufunguo mbele yake, polepole, huku anamtazama. Wanawake waliokaa nyuma yake wakaguna kwa raha.

Kipindi cha kwanza tulikwenda sare, bao moja kwa moja. Wachinjaji walicheza kama walivyochinja, kwa haraka na bila kuuliza. Saa ililia mara kadhaa, watu wakabadilishana koti, refa akaandika, na kwa bahati golini kwetu hakikuingia tena kitu. Ilipofika mapumziko Mlingoti ndiye aliyekuwa golini, na kila mmoja wetu alijua anayefuata ni nani.

Tulikaa chini kwenye majivu. Hamira alikaa pembeni kidogo, anafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.

"Sikilizeni," Fundi alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuuza kitu kibovu. "Kuna zamu, na kuna busara. Mtu muungwana anaweza mwenyewe kusema, jamani, leo nawaachia..."

"Hasemi," dada alimkatiza. Alikuwa amekuja na saa yake mkononi.

"Mama, hapa ni wachezaji."

"Na jezi mmeshonewa na nani? Nikizidai hapa mtacheza vifua wazi." Akamgeukia mumewe. "Simama, mume wangu. Kaa pale kama uko golini. Wewe," akanielekeza kidole, "beki wa kushoto si wewe? Akiwa golini wewe huwa uko wapi?"

"Mbele. Nimezoea mipira mirefu ya Mlingoti, kwa hiyo mimi nakwenda mbele."

"Mlingoti ana mambo yake. Huyu wangu anarusha kushoto. Amerusha kushoto tangu namfahamu. Mnakaa hapa mwezi mzima mnataka kumgeuza mtu mzima mikono, badala ya kuhamisha kichanja. Mimi nilihangaika naye miaka miwili, mwishowe nikahamisha blanketi. Nenda kasimame kushoto kwake."

Tukatazamana. Nikaenda nikasimama. Mlingoti alimpigia Hamira mpira, Hamira akaudaka, akaurusha kushoto bila kutazama, ukaja kifuani kwangu mwepesi, mtamu, umetulia. Nikaudaka kwa mikono yote miwili.

Wenzangu walicheka mpaka tajiri akageuka kitini.

"Nimeshindwa kujizuia," nilisema. Na ni kweli. Ule haukuwa mrusho wa kipa. Ulikuwa mrusho wa kumpa mtu kitu, na ukipewa kitu mikono inapokea.

"Shika bukta yako," dada aliniambia. "Mikono yote miwili, hapo kiunoni. Usiiachie mpaka mpira ufike miguuni."

Fundi aliponiona narudi uwanjani alinong'ona, "Shika kwa nguvu."

Kipindi cha pili kilipoanza tulipata bao mapema. Ilikuwa kona, mpira ukamgonga mkandaji wetu mmoja begani alipokuwa anamtafuta mtu wa kumlalamikia, ukaingia. Sasa tulikuwa mbili kwa moja, na kilichobaki ni kuulinda. Wachinjaji wakaanza kutushukia. Mlingoti aliokoa moja kwa mguu, moja kwa kifua. Na mpira ulipotoka nje, kengele ikalia. Dada aliinyanyua saa juu ya kichwa ili hata aliye kiziwi aione.

Kelele zikaanza. "Mwacheni Mlingoti," watu walipiga kelele. "Msibadilishe." Tajiri mwenyewe alisimama akamwambia Fundi, "Usifanye wazimu, bwana." Hamira alikuwa ametembea kutoka upande wa kulia mpaka golini, taratibu, akasimama mbele ya Mlingoti na mikono imetangulia, anangoja glavu. Mlingoti hakuvua. Alimtazama Fundi.

Fundi naye alimtazama Hamira. Alikuwa ameitaka ligi ile kuliko sisi sote. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji.

"Wewe Mlingoti," alisema mwishowe, "kengele hukuisikia? Toka motoni."

Kisha akamgeukia tajiri akamwambia, "Bwana mkubwa, kaa chini," jambo ambalo hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumwambia.

Mlingoti akavua koti na glavu, akampa mwenziwe, akamgusa bega. Refa akaandika huku anatikisa kichwa. Mimi nikarudi nyuma, nikasimama kushoto kwa shemeji yangu, hatua chache tu, nikashika bukta yangu kwa mikono miwili kama mtu aliyekatikiwa na kamba.

"Kaka, una tumbo?" mchinjaji mmoja aliniuliza.

"Ninayo sababu," nilimwambia.

Shuti la kwanza likaja, kali, la chini. Hamira akainama akalidaka, na kabla aliyepiga hajashika kichwa, mpira ulikuwa kifuani kwangu. Ukashuka miguuni. Nikakimbia nao. Wachinjaji wote walikuwa bado wanalitazama goli, nikafika katikati ya uwanja ndipo mtu akanikumbuka. La pili, hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo. Watu waliokuwa wanapiga kelele abadilishwe wakaanza kuitikia kwa pamoja, akidaka wanasema "daka," akirusha wanasema "kushoto," na wengine waliokuwa hawajui hata sheria za mpira walishika bukta na suruali zao kama mimi. Nimecheza miaka mingi baadaye, sijaona umati umefurahi vile.

Lakini Fupa hakuwa mjinga. Mchinjaji anajua kiungo kilipo. Aliacha kwenda mbele ya goli, akaja akasimama ubavuni kwangu, kisha mbele yangu, akanipa mgongo ule mpana kama mlango wa stoo.

"Kilo hamsini," alisema bila kugeuka, "leo mkate huu nakula mimi."

Nilijaribu kumzunguka, akanisukuma kwa makalio. Nilijaribu kumwambia shemeji. Nikaita, "Shemeji, usirushe." Kwa kelele zile hakusikia, na hata angesikia, alishasema mwenyewe kuwa mikono haijaambiwa. Refa alikuwa tayari anatazama saa yake. Mchinjaji mmoja akaupiga mpira kutoka mbali, ukaja juu, mkali, na Hamira akaruka akaudaka. Akautupa kushoto, bila kutazama.

Mpira ukaenda kwa Fupa. Alikuwa hatua chache kutoka golini. Kipa wetu alikuwa anatazama mbele, akingoja mkate unaofuata. Mimi nilikuwa nyuma ya ule mgongo, nimeshika bukta. Ilibaki Fupa auguse tu.

Akaudaka. Kwa mikono yote miwili, mbele ya kifua, vizuri kabisa, kama alivyoupokea mkate wake kila asubuhi pale dirishani.

Akabaki nao. Aliutazama mpira, akaitazama mikono yake, akamtazama refa. Nafikiri alijaribu kuelewa jambo hilo lilitokeaje. Nikasikia kicheko cha kwanza, na kilikuwa cha wachinjaji wenyewe. Refa alipuliza kipyenga, akaonyesha mkono, mpira wetu. Alikuwa anacheka kiasi kwamba alipopuliza kumaliza mechi kipyenga kilitoa sauti ya chura.

"Nilidhani..." Fupa alianza kuniambia.

"Najua," nilisema. "Na mimi ilinipata mapumzikoni."

"Unakuja vizuri mno," alisema, bado anashangaa. "Mtu hawezi kuuacha."

Akamwendea Hamira, akampa mpira mkononi kwa adabu, na Hamira kwa kuwa alipewa akaudaka akaurusha kushoto, ukampata refa tumboni.

Tuliingia ligi. Jioni ile tulikusanyika chumba cha kukandia, kwenye meza ndefu za unga, wachinjaji nao wakaja, kwa sababu walisema wakikaa kwao watasikia wake zao wakicheka. Tajiri alitoa hotuba akajipongeza. Alipomaliza, Fundi akapiga kofi lake la mezani, vumbi la unga likapanda.

"Nimefikiri," alisema. "Kwenye ligi tutakutana na timu za kweli. Zamu imetufikisha hapa, tuishukuru. Kuanzia sasa kipa wetu ni Hamira, wa kudumu, na huyu shemeji yake ndiye kichanja. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Mlingoti mwenyewe alipiga makofi. Nilimtazama dada, nikaona amekaa wima, amejaa, kama mtu aliyelipwa.

Hamira alisimama. Alikuwa bado na koti la gunia mabegani.

"Napinga," alisema.

"Wewe?" Fundi aliuliza. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Nilitaka zamu yangu. Nimeipata, asanteni. Sasa imekwisha." Akavua koti, akavua glavu, akaangaza mezani akitafuta anayefuata kwenye mstari. Macho yake yakanifikia mimi. "Kengele ikilia tena ni zamu ya shemeji."

"Hamira," Fundi alimwambia, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, "huyu shemeji yako golini ni mlango uliovunjika. Sote tunamjua."

"Na mimi mlinijua."

Dada yangu alianza kusema kitu, mumewe akamtazama tu, naye akakiacha, mara ya kwanza na ya mwisho ninayoikumbuka. Hamira akanirushia glavu. Zilitua kifuani kwangu na mikono yangu ikazipokea.

Mechi yetu ya kwanza ya ligi tulicheza ugenini, kwenye uwanja wa nyasi, mbele ya watu wasiotujua. Kabla kengele haijalia nilishafungwa mabao manne. La kwanza lilipita kati ya miguu, la pili sikuliona, mengine mawili niliyaona vizuri lakini hayakunisaidia. Tulirudi na lori la mikate, tumekaa juu ya trei tupu, na hakuna aliyenilaumu kwa neno hata moja. Hamira alikuwa amekaa kulia kwangu, anamenya chungwa. Alinipa nusu.

"Pale mdomoni," aliniuliza, "palikuwa na moto sana?"

"Sana, shemeji."

"Pana moto," alisema, akatia kipande mdomoni. "Wiki ijayo anaanza mwingine."